Gresi Kwenye Gauni la Nabalayo

Kitu cha kwanza Khaemba alichokiona cha Cheptanui kilikuwa viatu.

Alikuwa amelala chali chini ya injini, kokoto zikimchoma mgongo, spana mkononi. Treni ya kutoka Kampala ilikuwa imefika stesheni ya Nakuru, na ingesimama dakika ishirini tu. Juu huko kulikuwa na vurugu ya kila Jumamosi: wauza mayai ya kuchemsha, akina mama na vikapu vya kuku, polisi wakiitisha vipande vya utambulisho, mvuke ukipiga kelele. Katikati ya fujo hiyo, viatu viwili vya turubai, vyeupe pe, vikasimama kando ya gurudumu. Sasa fikiria. Agosti, mwaka wa hamsini na saba, mvua kila alasiri, mji mzima tope na masizi ya makaa, halafu mtu anavaa viatu vyeupe na vinabaki vyeupe! Khaemba akasahau spana.

"Dada," akaita kutoka chini, "hivyo viatu unatembea navyo, ama unabebwa?"

Viatu vikaruka nyuma. "Nani huyo? Uko wapi?"

"Niko hapa, chini ya injini."

"Basi baki huko huko. Mimi sizungumzi na injini."

Khaemba akatoka mbio. Alikuwa kijana mrefu wa Kimilili, fundi msaidizi wa reli, ovaroli yake imelowa gresi mpaka huwezi kujua ilishonwa ikiwa na rangi gani. Uso wote masizi, meno tu ndiyo yaliyoonekana, na yalionekana mengi kwa sababu alikuwa akicheka. Mbele yake alisimama msichana wa gauni la buluu, kola nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri nyuma ya shingo. Kwenye kikapu alikuwa amepanga makoti meupe ya wahudumu wa behewa la chakula. Na mkononi alishika chupa ya kioo yenye kichwa cha shaba, akiibonyeza kwa kidole gumba, tena na tena, kwa hasira.

"Hiyo chupa imekukosea nini?"

"Imekufa," alisema Cheptanui. "Ilikuwa inanyunyiza maji kama umande. Sasa hata tone. Nimeipeleka kwa mafundi watatu sokoni, wote wamecheka."

"Mimi sicheki."

"Unacheka tangu utoke huko chini."

"Huko ni kucheka kwingine." Khaemba akafuta mikono kwenye ovaroli, jambo ambalo halikusaidia chochote, akaipokea chupa. "Dada, mimi natengeneza pampu zinazovuta maji tani kumi. Hii ni mtoto mdogo. Niachie."

Maneno ya kujigamba hayo, na yatamrudia. Lakini Cheptanui hakuwa na pa kwenda kwingine. Nitakwambia kwa nini.

Alikuwa mpiga pasi katika dobi ya Bwana Ratilal, nyuma ya soko. Alikuwa mwanamke pekee mle ndani, na wanaume walizoea kumwambia kwamba pasi ya makaa si kazi ya mikono ya msichana wa Ravine. Tangu zamani madobi walilowesha nguo kwa njia moja: unajaza maji mdomoni, mashavu yanatuna, halafu unapuliza. Ogola, aliyepiga pasi meza ya pili, alikuwa bingwa wa kupuliza. Angeweza kulowesha shati zima kwa pumzi moja. Lakini mwezi uliotangulia mke wa daktari mmoja alichungulia dirishani akaona mashati ya mumewe yakitemewa maji. Kelele alizopiga zilisikika mpaka sokoni. Siku hiyo hiyo Bwana Ratilal akanunua chupa ya kunyunyizia maua kutoka kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akatangaza: "Atakayepuliza kwa mdomo, aende nyumbani."

Zaidi ya hayo, mzee wa meza ya kwanza alikuwa amestaafu. Meza ya kwanza ndiyo ya nguo za harusi, chini ya dirisha kubwa, na mwenye meza hiyo huheshimiwa mji mzima. Bwana Ratilal alisema gauni la Nabalayo, binti wa mkuu wa mabehewa, lingepigwa pasi na Cheptanui. Likitoka vizuri, meza ni yake. Likiharibika, meza ni ya Ogola, na yeye arudi kukunja shuka.

Cheptanui aliitaka meza ile kuliko kitu chochote. Na gauni lilikuwa la pamba nyembamba na lesi, linalotaka unyevu laini, sawasawa kila mahali. Ukinyunyiza kwa vidole, matone yanaacha alama. Bila chupa ile, kwisha.

*

Jumapili Khaemba alimngoja nje ya kanisa. Alikuwa ameoga! Shati jeupe, suruali ya kijivu, nywele zimechanwa katikati. Cheptanui alimpita hatua tatu kabla ya kumtambua.

"Kumbe una uso," akamwambia.

"Ninao, na umekuja kuuliza swali. Ulitia nini ndani ya chupa?"

"Maji."

"Cheptanui."

Akatazama viatu vyake. "Na wanga kidogo. Nilitaka kola zikauke zikiwa ngumu papo hapo, nisirudie kazi."

"Wanga umegeuka ugali kwenye kijitundu cha mbele," alisema Khaemba, akicheka mpaka akashika mti. "Na ngozi ya ndani, ile inayosukuma maji, imekauka ikapasuka. Usijali. Nitaizibua kwa waya, na ngozi nyingine nitakata kwenye ulimi wa buti langu."

"Utaharibu buti lako kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya chupa," alisema, na wote wawili walijua anadanganya.

Wakatembea mpaka mahali unapoliona ziwa lote chini, ukingo wake umekuwa waridi kwa ndege aina ya heroe. Cheptanui alisimulia kuhusu baba yake, mzee Kimaiyo, ambaye humhesabu mwanamume kwa ng'ombe wake.

"Na sisi Wabukusu je?" alisema Khaemba. "Mtoto wetu anajua kukama kabla ya kujua kusema."

"Wewe ulijua kukama?"

"Mimi nilichelewa kusema mpaka leo."

Cheptanui akamsukuma bega. Alipendezwa. Alipendezwa mno, na ilimtisha kidogo, maana alikuwa amejiapia kwamba kwanza ni meza, mambo mengine baadaye.

Jumatatu simu ya dobi ililia. Bwana Ratilal akaipokea, akakunja uso, akamwita Cheptanui. "Hospitali, wanasema."

"Haloo?" alisema Cheptanui.

"Hapa ni wadi ya chupa," ilisema sauti nzito. "Mgonjwa wako amekunywa maji ya moto. Amekohoa wanga wote."

"Khaemba! Nitafukuzwa kazi kwa ajili yako!"

"Basi nitakutafutia ya reli. Utalala saa ngapi leo?"

"Kwa nini?"

"Nataka kujua nianze kukufikiria saa ngapi."

"Nyie watu, laini ni ya biashara," ilikatiza sauti ya mtu wa posta aliyekuwa akiunganisha simu, na Cheptanui akaweka chombo chini, mashavu yakimwaka. Jumanne simu ililia tena. Mgonjwa alikuwa amewekewa ngozi mpya. Jumatano jioni Khaemba mwenyewe alisimama kwenye lango la dobi, chupa imefungwa kwenye leso safi.

"Bonyeza," akasema.

Cheptanui akabonyeza. Ukungu mwembamba ukatoka, laini kabisa, ukamtua Khaemba usoni. Akabonyeza tena, na tena, akicheka, naye Khaemba akasimama tu pale kama mtu anayebatizwa. "Umeifufua!" alisema Cheptanui. "Umeifufua kweli! Nikipata ile meza, wewe ndiye wa kwanza kunipigia simu."

"Na usipoipata?"

"Nitaipata."

*

Alhamisi saa nne, gauni la Nabalayo lilitandazwa kwenye meza ya kwanza. Wanaume wote wakaacha kazi kutazama. Cheptanui alianza na mikono, akaja kwenye pindo, taratibu, chupa mkono wa kushoto, pasi mkono wa kulia. Kila alipomaliza kunyunyiza aliiweka chupa kando ya pasi ya akiba, iliyokuwa imejaa makaa. Pamba ilinyooka. Lesi ikasimama ua kwa ua. Ogola mwenyewe aliguna kwa mshangao.

Alipofika kifuani akabonyeza, na kitu kikatoka ambacho hakikuwa ukungu.

Matone. Saba, manane, ya manjano, yenye kung'aa, yakatapakaa kifuani mwa gauni jeupe.

Cheptanui akagusa tone moja kwa kidole, akanusa. Gresi ya reli.

"Mungu wangu," alisema Ogola. Halafu, kwa kuwa mdomo wake haukuzoea kukaa bila kitu ndani, akaongeza: "Nani aliitengeneza hiyo chupa? Khaemba? Khaemba wa reli? Ee, dada, hukujua? Si ndiye aliyekuwa anamfuata huyu bibi harusi? Kila Jumamosi mwaka mzima nilimwona akipeleka vifurushi kwao. Sasa Nabalayo anaolewa na mwingine, na gauni linamwagiwa mafuta. Mimi sisemi kitu."

Cheptanui akaiweka chupa chini. Yale maneno yote, wadi ya chupa, buti, nianze kukufikiria saa ngapi! Kumbe alikuwa mkono tu wa kumfikishia mtu kisasi chake.

Bwana Ratilal akalitazama gauni muda mrefu. "Bibi harusi anakuja kesho saa sita," alisema. "Kufua tena haiwezekani, kwa mvua hii halitakauka. Kesho saa sita, mimi nataka nione gauni jeupe. Kama si hivyo, kesho Ogola anakaa hapa."

Simu ikalia. Kila mtu alijua ni nani.

"Wadi ya chupa inauliza," ilianza ile sauti nzito.

"Usinipigie tena," alisema Cheptanui. "Kama ulimtaka Nabalayo, ungemwambia Nabalayo. Si kunitia mimi mafuta mkononi nimharibie gauni. Umenikosesha meza yangu, Khaemba. Umefurahi?"

"Mafuta? Gauni? Cheptanui, ngoja..."

Akakata. Alilia nyuma ya dobi, kati ya kamba tupu za kuanikia nguo, akilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na huzuni nayo ilikuwa nyingi.

*

Khaemba alibaki ameshika simu pale ofisi ya yadi ya reli, akili inazunguka. Kuhusu Nabalayo hakuelewa hata neno moja. Lakini mafuta aliyaelewa mara moja, na jasho likamtoka.

Ile ngozi! Kwa miaka mitano kila ngozi ya pampu iliyopita mikononi mwake aliilowesha kwenye gresi ya magurudumu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa reli na hakuna njia nyingine. Kwenye baridi ya yadi gresi hukaa ngumu mahali pake. Kando ya pasi ya makaa ingeyeyuka. Hakuwa amefikiria hata dakika moja kwamba pampu ile ingefanya kazi mezani, karibu na moto, juu ya kitambaa cheupe. Fundi wa pampu za tani kumi!

"Mjinga wewe," akajiambia kwa sauti, na karani akainua kichwa.

Akatoka nje, akizunguka yadi bila kujua anakokwenda. Na pale, kwenye reli ya nne, wanaume walikuwa wakimwaga unga mweupe juu ya mafuta yaliyomwagika chini. Ulikuwa ule udongo mwepesi wa Kariandusi, unaochimbwa karibu na Gilgil na kupita Nakuru kwa magunia. Wafanyakazi wa yadi waliupenda kwa kuwa ukiumwaga kwenye mafuta unayafyonza yote, unabaki kufagia tu.

Khaemba akasimama. Akatazama. Halafu akaenda kutafuta mkebe.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Cheptanui alisikia mlango wa nyuma ukigongwa.

"Ni mimi," ilisema sauti. "Sikuja peke yangu."

"Hata ukija na kanisa lote."

"Nimekuja na Nabalayo."

Kisha mlango ukafunguka kidogo. Nabalayo alikuwa mwanamke mrefu, koti la kijani juu ya gauni la maua, na kicheko chake kiliingia ndani kabla yake.

"Ni wewe uliyesema huyu ananitaka?" aliuliza. "Huyu? Mama yake ni dada ya baba yangu! Kwetu mtu haoi ukoo wa mama yake, hata akiwa kipofu. Hivyo vifurushi ni simsim ya shangazi, anatuletea inapofika kwa treni." Akaacha kucheka. "Jana jioni alikuja kwetu akasimama mbele ya baba yangu na wajomba zangu wote, akasema, nimeharibu gauni, ni mimi, si yule dada wa dobi. Baba alikuwa karibu kumpiga."

Cheptanui alimtazama Khaemba. Hakuwa amelala, ilionekana. Mkebe ulikuwa kifuani kwake, ameushika kwa mikono miwili.

"Niliweka gresi," alisema Khaemba. "Nilidhani najua. Cheptanui, nisamehe. Huu unga unakula mafuta. Lakini kwa nguo sijui. Nguo unajua wewe."

Aibu ilimpata Cheptanui mpaka masikioni. Alitaka kusema mengi, lakini saa ilikuwa saa mbili na robo.

"Lete," alisema. "Na vua hiyo ovaroli kabla hujakaribia meza yangu!"

Akafanya kazi. Aliumwaga unga juu ya kila tone, akaacha saa nzima, akaupangusa kwa brashi laini. Ulitoka umegeuka manjano. Akamwaga mwingine. Kisha akatandika karatasi ya kaki juu na chini, akapitisha pasi vuguvugu, na karatasi ikanywa mafuta yaliyobaki. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ogola alisogea karibu, akamshikia karatasi bila kuambiwa.

"Dada, mimi mdomo wangu," alianza.

"Mdomo wako utaupeleka kanisani Jumapili. Shika hapa."

Huku nyuma Khaemba alikuwa ameichemsha chupa kwa magadi, akakata ngozi mpya kwenye kile kilichobaki cha ulimi wa buti. Akakaa ameishika.

"Ikiwa kavu haitasukuma," alisema. "Lazima iwe na kitu cha kuteleza. Na mafuta mimi siwezi tena, hata ya kula."

"Sabuni," alisema Cheptanui bila kugeuka. "Isugue kwa sabuni ya kipande. Hapa ni dobi."

Khaemba akasugua. Akarudisha kila kitu mahali pake, akabonyeza mara kumi kwenye ndoo mpaka povu likaisha, akaiweka karibu na pasi ya moto kabisa, akangoja. Kisha akalinyunyizia shati lake mwenyewe jeupe, kifuani. Wote wakainama kutazama. Maji. Maji matupu, masafi.

"Haya, mama," alisema akimpa chupa. "Maliza."

Saa sita kasorobo Cheptanui aliweka pasi chini. Bwana Ratilal alikuja na miwani yake, akalipeleka gauni kwenye dirisha kubwa, akalitazama kifuani, akaligeuza, akalitazama tena. Alitafuta doa kwa dakika tano nzima. Hakulipata.

"Meza ya kwanza," alisema, akampa Cheptanui ufunguo wa kabati la nguo za harusi. Nabalayo akapiga vigelegele mpaka wauza vitunguu wakaja kutazama nani ameolewa.

*

Jumamosi Nabalayo aliolewa, na jua likatoka. Watu walisema hawajawahi kuona gauni jeupe vile Nakuru. Cheptanui alisimama nyuma kabisa kanisani, akasikia kila neno, akajivuna waziwazi. Mwacheni ajivune.

Jumatatu treni ya Kampala ilikuwa stesheni kwa dakika ishirini. Khaemba alikuwa chini ya injini. Viatu viwili vyeupe vikaja vikasimama kando ya gurudumu.

"Nasikia kuna fundi huku," ilisema sauti.

Spana ikaanguka. "Yupo. Ana swali."

"Aulize."

"Yule mzee Kimaiyo, nikimpelekea ng'ombe sita na wazee wa kwetu mwezi ujao, atawapokea?"

"Ng'ombe atawapokea. Wewe sijui."

"Na binti yake?"

"Khaemba, toka huko chini. Mimi siposwi na injini."

Akatoka, uso wote masizi, ameshika kofia mkononi. Cheptanui alikuwa na ile chupa ya kichwa cha shaba kikapuni. Akaitoa, akambonyezea ukungu usoni mara tatu, akamfuta masizi kwa leso ile ile iliyofungiwa chupa, polepole, mbele ya abiria na polisi na wauza mayai, mpaka uso ukatokea.

"Sasa naona ninayemjibu," alisema. "Ndiyo. Njoo na wazee. Na shati la kuja nalo kwetu uniletee Alhamisi, nitalipiga pasi mwenyewe kwenye meza yangu."

Filimbi ya treni ikalia. Khaemba akamkumbatia, na kola nyeupe ya Cheptanui ikapata alama tano nyeusi za vidole. Aliziona. Akacheka, akaziacha.